Kichwa cha Loreta Kwenye Chumba cha Waroma

Roccaspina, 9 Machi 1998

Kaka Ottavio,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi ni wazima, ila Nunzio mgongo umemkamata tena tangu apande juu ya paa kuondoa theluji. Nilimwambia asipande, akapanda. Doralice amepata kazi kwenye kiwanda cha peremende za lozi kule Sulmona, anarudi nyumbani ananukia vanila. Wifi Godelieve goti lake linaendeleaje? Nimewatumia jibini ya kondoo. Usiwaachie wajukuu, wataimaliza siku moja.

Sasa nisikilize, maana nina jambo.

Unajua kwamba miaka miwili sasa tumefunguliwa makumbusho hapa, kwenye ile nyumba ya zamani ya masista. Chini wameweka vitu vya Waroma, juu sanaa ya kisasa. Mimi nakaa hatua mia mbili kutoka pale na nilikuwa sijawahi kuingia, na si kosa langu. Mlangoni pameandikwa kwamba wanafungua Jumanne na Jumamosi, saa nne hadi saa saba. Nikaenda Jumanne, pamefungwa. Mlinzi ni Gaspare, na Gaspare ndiye pia mchimba makaburi wa manispaa, na siku hiyo kulikuwa na mazishi. Nikaenda Jumamosi, Gaspare yuko harusini. Jumanne iliyofuata Gaspare yupo, funguo anazo, umeme hakuna. Mara ya nne nilimkuta amekaa mezani na tiketi zake.

"Tiketi moja au mbili?" akaniuliza.

"Unaona watu wangapi, Gaspare?"

"Lazima niulize, mama. Ndiyo utaratibu."

Basi nikaingia. Mitungi iliyovunjika, misumari, vijiko, sarafu. Nilikuwa nimeshaanza kujuta kuacha maharage yangu jikoni. Mwisho wa chumba kuna kabati la kioo lenye taa yake peke yake, na ndani yake kichwa cha jiwe cha msichana. Kibao kinasema: "Kichwa cha msichana. Kazi ya Kirumi, karne ya kwanza. Sikio la kushoto lilivunjika zama za kale."

Ottavio, ni Loreta. Ni mdogo wetu Loreta. Ni kile kichwa alichochonga Baba baada ya kumzika, kwa sababu hatukuwa na picha yake hata moja, kile kilichopotea nyumbani kiangazi cha mwaka hamsini na moja, Mama akakilia mpaka anaingia kaburini. Na hilo sikio halikuvunjika zama za kale. Ni yule bata mzinga aliyemng'oa hereni, na Baba akamchonga vilevile na sikio lake lililochanika. Nilipiga kelele. Gaspare akaja mbio kuniambia nisiguse kioo.

Nataka kitu kimoja tu. Nataka kibao kile kiandikwe jina la Baba: Berardo Di Ianni, mchonga mawe wa Roccaspina. Maisha yake yote walimwita mchonga mahori ya kulishia nguruwe, na kumbe kazi yake imewekewa taa na wasomi. Waliomwona akichonga tumebaki wawili. Mimi nilikuwa na miaka minane, watasema ni ndoto za mtoto. Wewe ulikuwa na kumi na tatu, na ndiye uliyekuwa unamwagia jiwe maji. Andika ulichokiona, utie sahihi. Basi.

Dada yako,
Palmira

Charleroi, 2 Mei 1998

Dada Palmira,

Nisamehe kuchelewa. Tumekuwa na mvua wiki tano, na mapafu yangu hayapendi mvua. Goti la Godelieve wamelipasua, sasa anatembea vizuri kuliko mimi, ananisubiri kwenye kona kama mtu anayesubiri mbwa mzee. Marc amenunua gari jipya. Jibini ilifika na wajukuu waliimaliza siku mbili, siyo moja, kwa hiyo ulikosea. Mwambie shemeji Nunzio apake mgongo mafuta ya kafuri na aache kujifanya kijana.

Nimefurahi kusikia mji umepata makumbusho. Ni jambo zuri kwa vijana.

Kuhusu kile kichwa, nakuelewa. Lakini mawe yanafanana, Palmira. Mimi wiki iliyopita nimemwona mtu sokoni hapa anauza vitunguu, anafanana na padri wetu marehemu hadi mikono, karibu nimwamkie. Waroma nao walikuwa na watoto wa kike, na mabata pia. Na miaka imepita. Ukimwangalia mtu kwa hamu, utamwona popote.

Usijichoshe. Pumzika, kula vizuri. Hivi mzabibu wetu ule wa nyuma bado unazaa?

Kaka yako,
Ottavio

Roccaspina, 20 Mei 1998

Kaka,

Salamu. Sisi ni wazima. Mzabibu unazaa. Sasa tusipotezeane muda.

Umeniandikia muuza vitunguu. Mimi nimekuuliza habari ya baba yetu, wewe unanijibu habari ya muuza vitunguu! Nilimsomea Nunzio barua yako, akasema, "Huyu shemeji yangu ana kitu." Nikamwambia hana kitu, ni uzee. Nikakutetea. Usinifanye nijute.

Nimeonana na mkurugenzi wa makumbusho. Ni binti mdogo tu, anaitwa Ilaria, anatoka Pescara, na anakuja hapa mara moja kwa wiki mbili kwa sababu anasimamia makumbusho mengine matatu. Kumpata ilinichukua mwezi. Gaspare alinipa namba ya simu, namba ikawa ya bucha. Lakini nilipompata alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama Palmira, nami zile nywele zimenisumbua tangu siku ya kwanza, Waroma hawakuzisuka hivyo." Unasikia? Mwenyewe alikuwa na wasiwasi.

Shida ni hii. Akikubali tu kwamba si cha Waroma, sheria inamtaka akitoe chumbani. Vitu vya uongo vinapelekwa stoo, kwenye maboksi, na havitoki tena. Nikamwambia, lakini si cha uongo, ni cha baba yangu! Akasema njia iko moja. Juu kuna chumba cha sanaa ya kisasa, na kazi ya mwaka hamsini inahesabiwa ya kisasa. Warithi wote wakijaza fomu ya kukitoa zawadi na kueleza kilitoka wapi, kitapanda juu na jina la Baba. Nimepanda kuangalia. Kuna bomba lililokunjwa linaitwa "Bila Jina, Namba Nne." Kuna turubai jeupe lenye doa jeusi. Nunzio anasema vitu kama hivyo anavyo ghalani, aje mtu amwekee taa. Lakini nitakuwa radhi Baba akae karibu na hilo bomba kuliko kukaa bila jina kati ya Waroma.

Haraka inatakiwa. Mwezi wa Desemba wanachapisha kitabu cha makumbusho chenye picha na majina ya vitu vyote. Kikishachapwa, Ilaria anasema, hakuna atakayekigusa miaka ishirini. Miaka ishirini mimi na wewe hatuna.

Fomu hii hapa. Mimi nimeshajaza kwangu. Jaza kwako, tia sahihi, rudisha. Ni vipengele tisa tu.

Palmira

Charleroi, 11 Julai 1998

Dada Palmira,

Salamu kwa wote. Sisi wazima. Hapa joto limeingia ghafla. Nimepanda maharage ya kule kwetu nyuma ya nyumba, jirani Mbelgiji anauliza kwa nini nayafunga kwenye fimbo, nami sina jibu zaidi ya kwamba Baba alifunga.

Fomu hii hapa, nimetia sahihi. Nimeandika kwamba nilimwona akikichonga na kwamba nilikuwa namwagia maji. Natumaini sasa utatulia.

Ottavio

Roccaspina, 30 Julai 1998

Ottavio,

Kipengele cha sita umekiacha kitupu.

Nimempelekea Ilaria fomu nikiwa nimevaa nguo ya kanisani, nikijua leo mambo yameisha. Akasoma, akageuza, akasoma tena. "Hapa hapajajazwa," akasema. Kipengele cha sita: Kitu kiliondokaje mikononi mwa familia? Bila jibu hapo, ofisi ya mkoa haitapokea hata bahasha. Na sasa makumbusho yanafungwa mwezi mzima wa Agosti, Gaspare ameshabandika karatasi mlangoni, ameibandika kichwa chini.

Nimechoka, kaka. Nimechoka na milango iliyofungwa, nimechoka na Gaspare, na zaidi nimechoka na wewe. Vipengele vinane umejaza kwa mwandiko wako mzuri, na hicho kimoja ukakiruka kama shimo barabarani. Ulishikwa na nini? Kama hujui, si ungeandika hujui?

Basi nitakijaza mwenyewe, maana jibu linajulikana na mji mzima. Kichwa kiliibwa na jirani yetu Settimia. Ndiye aliyekuwa mama wa ubatizo wa Loreta, ndiye aliyemwomba Mama akae nacho nyumbani kwake walau usiku mmoja, Mama akakataa, na wiki hiyohiyo kikatoweka. Mama alimwambia machoni, pale chemchemini, mbele ya wanawake wote waliokuwa wanafua: "Mwizi wewe, kifo kiliniibia mwanangu, nawe umemwiba mara ya pili." Tangu siku hiyo hatujasemezana na nyumba ile. Miaka arobaini na saba, mlango kwa mlango. Hata msiba wa Mama alisimama nje ya kanisa. Bado yu hai, ana miaka themanini na tatu. Pengine alikiuza, waliokikuta wakakidhani cha Waroma. Nitaandika hivyo kwa kalamu nyeusi, na kitachapwa kitabuni, na Mama atapumzika.

Ilaria anarudi tarehe moja Septemba. Nitampelekea siku hiyo.

Palmira

Charleroi, 8 Agosti 1998

Palmira,

Leo sina salamu. Barua yako imefika asubuhi na mchana huu naipeleka hii posta mwenyewe. Usiandike jina la Settimia. Kama umeshaliandika, lichane.

Ni mimi niliyekichukua.

Unamkumbuka Mwalimu Cesidio? Kiangazi kile alikuwa anachimba kwenye shamba la kanisa, penye hekalu la Waroma, nasi wanafunzi wake tukimbebea udongo. Baba alipomaliza kichwa alivaa koti la Jumapili, akakifunga kwenye shali ya Mama, akanichukua twende kwa Mwalimu kumwomba atutungie maneno ya kuandika kaburini. Mwalimu alikuwa anakunywa kahawa na daktari na mfamasia. Baba akafungua shali. Mwalimu hata hakukitazama vizuri, wala hakukishika. Akasema, "Berardo, wewe endelea na mahori yako. Nguruwe hawalalamiki." Wakacheka wote watatu. Na Baba naye akacheka. Hicho ndicho sikuweza kukimeza, Palmira, kwamba Baba alicheka.

Nikapanga yangu. Nilitaka Mwalimu akichimbue mwenyewe, akisifu mbele ya watu, halafu nipaze sauti kwamba ni kazi ya baba yangu. Nikakichukua, nikakipaka siki na samadi siku tatu kwenye zizi, nikakizika mwisho wa shimo ambapo najua Jumatatu watafika.

Jumatatu wakafika. Mwalimu alipoona lile paji la uso alipiga magoti, akavua kofia. Alilia, mtu mzima yule. Akasema hajawahi kuona mkono wa fundi kama huo tangu azaliwe. Nilifungua mdomo. Lakini askari polisi alikuwa ameshasimama nyuma yangu, na akatangaza kwamba kila kinachotoka kwenye shimo hilo ni mali ya serikali, na atakayechezea shimo ataozea jela. Nikafunga mdomo. Jioni gari la mkoani likakichukua. Nilipofika nyumbani, Mama alikuwa ameshatoka chemchemini, shingo imemvimba kwa kupiga kelele, na lile neno alikuwa ameshamwambia Settimia.

Siku ya tatu nilimwambia Baba. Sasa hapa ndipo kipengele chako cha sita kilipokuwa kinanikaba. Kama ni mimi tu, ningeshakwambia mwezi wa Machi. Nilimweleza yote, nikingoja makofi. Hakunipiga. Aliuliza kitu kimoja tu: "Cesidio alisema nini alipokiona?" Nikamwambia. Akasema, "Rudia." Nikarudia, na habari ya kofia, na magoti. Akakaa. Alitabasamu, Palmira, nilimwona. Kisha akasema, "Basi nyamaza."

Nikamuuliza, na Mama Settimia je? Akasema, "Hayo yatapita."

Hayakupita. Nilipofikisha miaka kumi na minane nikaja huku migodini, nikashukuru kwamba chini ya ardhi watu hawaonani sura. Sasa unajua. Unataka kumwandikia Baba jina lake kwenye kibao, na mimi nilikuwa namlinda jina hilohilo. Fanya unavyoona, ila usimguse Settimia.

Ottavio

Roccaspina, 27 Septemba 1998

Kaka Ottavio,

Nimekaa wiki saba bila kukuandikia. Usidhani ni posta. Kila nilipochukua kalamu yalikuja matusi, nikaiweka.

Kwanza nilikukasirikia wewe. Halafu ikaisha, maana ulikuwa mtoto, na mtoto aliyemwona baba yake anachekwa hana akili timamu siku hiyo. Halafu nikamkasirikia Baba, na hii haijaisha. Niligeuza picha yake ikatazama ukuta. Nunzio akaigeuza, akaniuliza, "Mzee kakukosea nini?" Nikaigeuza tena. Tuliishi hivyo siku kumi. Mama alikufa hajui mwanawe yuko wapi, na mumewe aliyelala naye kitanda kimoja alikuwa anajua! Alikula supu aliyompikia, akijua. Kwa sababu ya kofia ya Cesidio. Nasema wazi kabisa kwamba naona aibu, na aibu hiyo nimeibeba mimi niliyebaki hapa.

Tarehe ishirini nilibisha kwa Settimia. Alifungua mwenyewe.

"Umekosea mlango?" akasema.

"Sijakosea, Mama Settimia. Nina maneno."

"Miaka yote hii, leo ndiyo yamefika? Haya, ingia, unaniingizia baridi."

Nikamsomea barua yako yote, neno kwa neno, hata ile ya samadi. Alisikiliza huku anachambua dengu, hakuinua uso. Nilipomaliza nilitegemea alie au anifukuze. Akasukuma sinia pembeni.

"Nilijua kuna kitu," akasema. "Njoo."

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Ottavio, sikuwahi kufika kule. Kuna ngazi ya mawe kumi na nne kushuka bustanini, kila jiwe limechongwa ukingo wake. Kuna fremu ya dirisha yenye zabibu. Kuna birika la maji lenye midomo miwili. Kazi ya Baba, hata kipofu angeijua.

"Baba yako alikuwa anakuja wakati mama yako yuko kanisani," Settimia akasema. "Haongei. Anagonga nyundo yake, anaondoka. Hakutaka hata kahawa. Miaka kumi na saba, mpaka alipokufa. Nikawa najiuliza, huyu bwana, mkewe ananiita mwizi, yeye ananichongea ngazi. Mtu hafanyi hivyo bure. Nikamuuliza mara moja, Berardo, kuna nini? Akasema, ngazi yako ya mbao ilikuwa inaoza."

"Mama Settimia, sijui niseme nini."

"Wewe huna la kusema, ulikuwa mtoto. Yeye ndiye alikuwa nalo. Ngazi hii yote, na dirisha, na birika, ningempa arudi navyo kwa neno moja. Neno moja tu, pale chemchemini, watu wakiwa wanafua. Unajua nilifua wapi miaka ile? Mtoni kule chini. Na barafu."

Nikamuuliza anataka nini sasa. Akasema hataki kitu cha kubebwa mikononi. Anataka lisemwe.

Kwa hiyo nakurudishia fomu. Kipengele cha sita ni chako. Kijaze.

Palmira

Charleroi, 12 Oktoba 1998

Dada Palmira,

Salamu kwako, kwa shemeji, kwa Doralice. Godelieve nimemweleza. Alinitengenezea chai, na sisi hatunywi chai.

Kipengele cha sita nimeandika hivi, nakunakilia ili uone kabla hujapeleka: "Nilikichukua mimi, Ottavio Di Ianni, nikiwa na miaka kumi na minne, nikakizika kwenye uchimbaji ili kumkomoa mwalimu. Baba alijua siku tatu baadaye akaniambia ninyamaze, nami nikanyamaza. Jirani yetu Settimia Ranalli hakuhusika. Namwomba radhi, na wote waliomwita mwizi wajue walikosea."

Kama nafasi ni ndogo, mwambie Ilaria nimeandika hadi pembeni.

Ningependa kuja nimwambie mwenyewe. Daktari anasema mapafu haya hayapandi milima tena. Hilo nalo ningelisema mapema kama ningekuwa mtu wa kusema mapema.

Ottavio

Roccaspina, 24 Novemba 1998

Kaka Ottavio,

Salamu kutoka kwetu. Mgongo wa Nunzio umepona, na leo ameuharibu tena kwa sababu nitakayokueleza.

Ofisi ya mkoa ilikubali. Ilaria akaniita kuandika kibao. "Maneno thelathini, mama, hayazidi," akasema, "kibao ni kidogo." Mimi nilikuwa na ya kwangu tayari tangu mwezi wa Machi, nimeyaandika nyuma ya kalenda: fundi hodari, mkono uliowapiga chenga wasomi, fahari ya Roccaspina. Nikakaa pale mezani nahesabu kwa vidole. Ukiweka sifa za Baba, Settimia haingii. Ukimweka Settimia, sifa zote zinatoka. Ilaria akanipa kalamu akaenda kuongea na simu. Nilifuta, kaka. Nilianza na "fahari."

Leo Jumanne wamekipandisha juu. Gaspare alichelewa, kulikuwa na mazishi. Walikuja wanawake sita tuliokua pamoja, na karani wa manispaa, na Settimia. Ngazi ya makumbusho ni ndefu na yeye magoti hana, hivyo Nunzio na Gaspare walimbeba kwenye kiti, yeye akiwaelekeza njia nzima. "Inua upande wako, we Nunzio, unanimwaga!" Wakamweka mbele ya kichwa, kushoto lile bomba.

Alikitazama muda mrefu. Mama alimnyima usiku mmoja, na leo ndiyo mara ya kwanza anakiona tangu siku ile. Akanyoosha mkono akagusa lile sikio, na Gaspare, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusema usiguse.

"Mimi sijui kusoma," Settimia akasema. "Wameandika nini?"

Gaspare akavaa miwani. "Kichwa cha Loreta Di Ianni, 1944–1950. Kazi ya baba yake Berardo, mchonga mawe. Mwaka 1951 kaka yake Ottavio alikichukua, akakizika. Baba alijua, akanyamaza. Jirani Settimia Ranalli alisingiziwa wizi. Hakuchukua kitu."

Nilikuwa nalia, sitakuficha, nililia kwa ajili ya Mama, na kwa ajili ya Baba pia, mpumbavu yule.

Settimia akaelekeza kidole dirishani, upande wa uwanja, chemchemi iko chini yake.

"Fungua hilo."

"Hairuhusiwi, mama, kuna mashine ya unyevunyevu."

"Gaspare. Utanizika wewe, na haitachukua muda. Fungua."

Akafungua. Baridi ikaingia, na chini watu wa soko la Jumanne wakainua vichwa.

"Haya," akasema, "soma tena. Kwa sauti."

Dada yako,
Palmira